Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Ramani za Zamani za Nyika za Ranchi na Mito ya Sandhills, Nebraska

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa historia na jiografia, wapima ardhi, na yeyote aliyefungua ramani ya zamani ya nyika za Marekani akakuta mstari wa buluu unaochomoza katikati ya mchanga, ukapita karibu na jina la ranchi, akajiuliza kama mto huo upo kweli. Majibu yamejikita Sandhills, Nebraska, kwa sababu pale maji ndiyo yaliyoamua nani atabaki na nani atahama. Msimamo wangu ni huu: mstari wa buluu ni ushahidi wa mtu aliyepita msimu fulani, akiwa ametumwa kazi fulani. Ukijua msimu na kazi yake, ramani itakueleza mengi. Usipovijua, itakupotosha.

Sandhills ni mahali gani?

Ni eneo la matuta ya mchanga lenye takriban kilomita za mraba 50,000, kaskazini na magharibi mwa jimbo la Nebraska. Baadhi ya matuta hufikia mita 120 kwenda juu. Mchanga huo hauhamihami kama wa jangwani, kwa kuwa umeshikwa na mizizi ya nyasi. Kati ya matuta kuna mabonde, vinamasi na maziwa madogo mengi. Mito ya Loup, Dismal na Niobrara hupita humo au pembezoni mwake. Mpaka leo ni nchi ya ng'ombe, na ukitoka nyumba moja waweza kwenda kilomita nyingi kabla ya kuona nyingine.

Kabla ya serikali kuja na vyombo vyake, nani aliijua nchi hii?

Wapawnee walikuwa na vijiji kando ya mto Loup na Platte, na waliwinda nyati mbali magharibi. Walakota na Wacheyenne walipita na kupiga kambi huko pia. Mtu hawezi kuvuka matuta yale bila kujua chemchemi iko wapi, kwa hiyo maarifa ya maji yalikuwepo kabla ya ramani yoyote ya karatasi. Miaka ya 1870 Wapawnee walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Wapima wa serikali, waliogawa nchi kwa miraba, walifanya kazi wakati nchi hiyo ikiondolewa wenyewe, na hilo halimo katika ufunguo wa ramani. Mimi naona ni sharti lijulikane kabla ya kuanza kusoma alama.

Ramani ya kwanza ya kuaminika ilichorwa lini?

Msafara wa Stephen Long ulipita tambarare hizi mwaka 1820, na ramani yake ikaandika juu ya eneo kubwa la magharibi kuwa ni Jangwa Kuu. Maneno hayo yalikaa vichwani mwa watu kwa miongo mingi.

Aliyeingia Sandhills kwenyewe kwa macho ya mpimaji ni Luteni Gouverneur K. Warren wa jeshi la Marekani. Mwaka 1855 alivuka kutoka Fort Pierre kwenda Fort Kearny. Mwaka 1857 alipanda na mto Loup, na wakati wa kurudi akafuata Niobrara. Katika safari hiyo ya pili Walakota walimzuia asiingie zaidi milima ya Black Hills, naye akageuza njia. Ramani yake ya nchi yote ya magharibi ya Mississippi ilikusanya vipimo vya misafara mingi na ikawa msingi wa zilizofuata. Hata hivyo, ni ramani ya njia. Ukingo wa mto aliotembea umechorwa vizuri, na nafasi iliyo kati ya mto mmoja na mwingine mara nyingi ni nyeupe tupu.

Ile miraba iliyochorwa juu ya matuta na mito ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye sheria ya ardhi ya mwaka 1785. Nchi iligawanywa katika vipande vya maili 6 kwa maili 6, na kila kipande kikakatwa miraba 36 yenye maili moja kila upande, yaani ekari 640. Hesabu ya miraba huanzia kona ya kaskazini-mashariki, huenda magharibi, hushuka, hurudi mashariki, kama mkulima anavyogeuza jembe la ng'ombe shambani. Kwa Kansas na Nebraska, mstari wa msingi ulikuwa latitudo ya nyuzi 40 kaskazini, na upimaji wake ulianza miaka ya 1850 kutoka mto Missouri.

Wapima walikuwa watu wa mkataba waliolipwa kwa maili na Ofisi Kuu ya Ardhi. Chombo chao kikuu kilikuwa mnyororo wa futi 66, na minyororo 80 ni maili moja. Mahali penye miti waliweka alama kwenye magogo. Nyikani hakuna miti, basi walifukia jiwe au kigingi kilichochomwa moto kisioze, wakarundika udongo na kuchimba mashimo pembeni. Ng'ombe, upepo na moto wa nyika vilifuta nyingi ya alama hizo. Malipo ya maili yalimfanya mwenye tamaa aende mbio, na kuna maeneo ya magharibi ambako daftari liliandikwa bila mnyororo kuburutwa ipasavyo. Serikali iliachana na mfumo wa mikataba mwaka 1910.

Kwa mtafiti wa maji, hazina imo ndani ya madaftari hayo. Mpima aliagizwa kuandika kila mahali mstari wake ulipokata kijito: umbali kutoka kona, upana wa maji, na uelekeo wa mkondo. Aliandika pia ubora wa udongo na nyasi. Mto mpana haukukatwa tu na kuachwa. Alipima kona kwa kona kando ya ukingo wake, na ziwa kubwa vivyo hivyo. Lakini fahamu kwamba katikati ya mraba hakutembea. Alitembea kingo zake, na kijito kilichochorwa ndani ya mraba mara nyingi kimeunganishwa kwa kukisia kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Miraba hiyo ina uhusiano gani na maji na ranchi?

Hapa ndipo palipo na kisa chenyewe. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160. Shamba la ekari 160 lenye mvua linatosha, lakini kwenye mchanga wa Nebraska ya magharibi halilishi ng'ombe wa kutosha kumweka mtu hai. Wenye mifugo walilitambua hilo mapema. Aliyemiliki mraba wenye chemchemi au mto alitawala malisho yote makavu ya pembeni bila hati, kwa sababu hakuna mwingine angeweza kunywesha. Seng'enge, aliyoipatia hataza Joseph Glidden mwaka 1874, ilifanya utawala huo uonekane kwa macho. Mwaka 1885 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kuzungushia ua ardhi ya umma, na bado ua ziliendelea Sandhills mpaka karne iliyofuata.

John Wesley Powell, mpelelezi wa nchi za magharibi, aliyaona haya kabla. Katika ripoti yake ya mwaka 1878 kuhusu nchi kame alipendekeza mashamba ya malisho yawe ya ekari 2,560, na mipaka yake ifuate maji ili kila mfugaji apate sehemu ya mto. Hakusikilizwa. Mraba ukabaki. Mwaka 1904 sheria ya Kinkaid iliongeza kipimo hadi ekari 640 kwa kaunti 37 za magharibi mwa Nebraska, na watu wakamiminika. Wengi walishindwa wakauza kwa ranchi kubwa. Ukiangalia ramani ya umiliki leo, bado unaona uzio ukipanda tuta moja kwa moja na kushuka upande wa pili, maji yakiwa yameachwa kwa jirani. Powell alikuwa sahihi, na nyika ililipa gharama ya kutomsikiliza.

Ramani za topografia zenye mistari ya mwinuko zilianza lini?

Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, iliundwa mwaka 1879. Powell akawa mkurugenzi wake wa pili mwaka 1881, na mwaka 1884 Bunge lilimruhusu kuanza ramani ya topografia ya nchi nzima. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kugawa maji wala kuchagua mahali pa bwawa bila kujua ardhi inainama wapi.

Utakutana na vizazi vitatu. Cha kwanza ni karatasi za skeli ya 1:125,000, ambapo sentimita moja ni kilomita moja na robo. Kisha 1:62,500. Baadaye, hasa baada ya vita kuu ya pili, skeli ya 1:24,000, ambapo sentimita moja ni mita 240. Karatasi hizi za mwisho ndizo zilizoifunika nchi yote ya majimbo 48, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maeneo ya mbali yenye watu wachache yaliwekwa nyuma ya foleni. Ndiyo maana kwa sehemu nyingi za ranchi hutapata mfululizo mnene wa matoleo kama wa karibu na miji.

Walipimaje mahali ambapo kila tuta linafanana na jingine?

Kwa meza. Mpima alisimamisha ubao bapa juu ya miguu mitatu, akabandika karatasi, akaweka juu yake rula yenye darubini, na kuchora palepale huku akiitazama nchi. Alianza na vituo vichache vilivyokwisha kupimwa kwa pembetatu, akapiga mistari ya kuelekea vilele na nyumba, na pale mistari miwili au mitatu ilipokutana ndipo penyewe. Umbo la ardhi kati ya nukta hizo alilichora kwa jicho na mkono.

Kazi hii yataka mahali pa kulenga. Sandhills haina minara wala vilele vyenye umbo la kukumbukwa, kwa hiyo kikosi kilipaswa kusimamisha alama zake chenyewe juu ya matuta. Katika karatasi za zamani utaona matuta yamechorwa kwa mdundo mmoja unaojirudia. Usidhani kila kituta kimepimwa. Mchoraji alionyesha tabia ya nchi. Mito na mabonde makubwa alijitahidi kuviweka mahali pake. Kuanzia miaka ya 1930 picha za anga zilibadili kazi hii. Mtaalamu aliangalia jozi ya picha kwa chombo maalumu, ardhi ikainuka machoni pake, naye akafuatisha mwinuko. Baada ya hapo wapima walienda nyikani kuhakiki na kuuliza majina.

Rangi na alama za maji zina maana gani?

Kahawia ni mwinuko, buluu ni maji, nyeusi ni kazi ya mikono ya watu. Kijani cha miti na nyekundu ya barabara kuu na mistari ya ardhi vilikuja baadaye. Zambarau ukiiona, ni mabadiliko yaliyoongezwa kutoka picha za anga bila mtu kwenda kuhakiki, kwa hiyo iamini kwa tahadhari.

Mstari wa buluu usiokatika ni mto wa mwaka mzima. Uliokatwa kwa vistari na vitone ni kijito cha msimu. Manyasi madogo ya buluu ni kinamasi. Mstari wa kahawia uliofungwa kama duara, wenye vijino vinavyoelekea ndani, ni shimo lisilo na njia ya kutokea maji. Sandhills imejaa vijino hivyo, na asiyeijua alama hii hudhani anaangalia kilima.

Jambo moja nalisisitiza: uamuzi wa kuuita mto wa kudumu au wa msimu ulitegemea alichokiona mpima, alichoambiwa na wenyeji, na mwongozo wa ofisi wa wakati ule. Miaka ya ukame ya 1930 na miaka ya mvua nyingi haiwezi kuzaa ramani moja.

Kwa nini mito inaanzia ghafla, na maziwa hayana mto unaoingia?

Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki, inazama. Chini kuna hifadhi kubwa ya maji ya ardhini ambayo ni sehemu ya Ogallala, tabaka la miamba lililoshika maji. N. H. Darton wa USGS ndiye aliyeipa miamba hiyo jina mwishoni mwa miaka ya 1890, kutokana na mji wa Ogallala, Nebraska. Pale bonde linapokata chini ya usawa wa maji hayo, maji yanatokea yenyewe. Mto Dismal unalishwa hivyo, na una chemchemi ambamo mchanga hutokota kwa nguvu ya maji yanayosukuma kutoka chini. Mito ya namna hii haipandi wala kushuka sana kwa misimu.

Kwa hiyo ziwa la Sandhills kwa kawaida ni dirisha la kuonea maji ya chini. Usawa ukipanda, ziwa linapanuka na kijito kinaanzia juu zaidi bondeni. Ukishuka, vyote vinarudi nyuma. Upande wa magharibi baadhi ya maziwa yana chumvi na magadi mengi; wakati wa vita kuu ya kwanza mji wa Antioch ulipanda haraka kwa viwanda vya kutengeneza potashi, yaani chumvi ya mbolea, kutoka maji hayo, na ukaporomoka vita vilipokwisha.

Ziwa lipo katika ramani moja, halipo katika nyingine. Ipi ni sahihi?

Zote mbili zaweza kuwa sahihi. Pitia kwanza mambo matatu. Je, ramani moja ilipimwa mwaka wa ukame? Je, kuna mfereji? Mwanzoni mwa karne ya 20 wafugaji walichimba mifereji mingi kukausha vinamasi na maziwa ili wapate majani ya kukata kwa ajili ya majira ya baridi. Mfereji huonekana kama mstari wa buluu ulionyooka kupita kiasi. Tatu, je, skeli ni ileile? Ziwa dogo laweza kuachwa kwenye 1:125,000 kwa kukosa nafasi.

Ushauri wangu: tafuta picha za anga za miaka ya 1930 za eneo hilohilo uziweke kati ya ramani hizo mbili. Picha haina mchoraji wa kuamua nini kiachwe.

Mto ukihama, mpaka unahama nao?

Sheria ya Marekani hutofautisha. Mto ukila ukingo polepole, mpaka unaufuata. Ukiruka kwa ghafla na kukata njia mpya, mpaka unabaki pale ulipokuwa. Mfano maarufu uko mto Missouri, nje ya nchi ya ranchi: mwaka 1877 mto uliruka karibu na Omaha, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kesi ya Nebraska na Iowa. Ndiyo sababu mji wa Carter Lake ni wa Iowa ingawa uko upande wa Nebraska wa mto.

Mto Platte ulikuwa na badiliko la aina nyingine. Michoro ya miraba ya karne ya 19 inauonyesha ukiwa mpana, wenye mikondo mingi iliyosukana na visiwa vya mchanga. Mabwawa na mifereji ya umwagiliaji ya magharibi yalipopunguza maji, miti iliota juu ya visiwa, na katika sehemu nyingi mto ukabaki mwembamba mno. Bila daftari za wale wapima wa mnyororo tusingekuwa na kipimo cha kulinganishia.

Majina ya ranchi, pampu za upepo na shule yanatusaidia nini?

Yanasaidia sana. Pampu ya upepo iliyowekewa alama katikati ya nyasi maana yake mfugaji aliweza kutumia malisho yaliyo mbali na mto. Fuatilia pampu kutoka toleo moja hadi jingine, utaona malisho yalivyofunguliwa. Lambo dogo lenye ukuta wa udongo ni ushahidi wa namna hiyohiyo.

Shule na posta husimulia upande wa pili. Chini ya sheria ya Kinkaid, familia za Wamarekani weusi zilianzisha makazi ya DeWitty, kaunti ya Cherry, kando ya mto North Loup, kuanzia mwaka 1907. Yalikuwa na shule na kanisa, na yalikuwa makazi makubwa kuliko yote ya wakulima weusi katika Nebraska. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 watu walikuwa wameondoka. Anayesoma toleo la kisasa peke yake ataona malisho matupu na kudhani yalikuwa hivyo siku zote.

Nitumie mwaka upi kati ya miaka iliyoandikwa pembeni mwa karatasi?

Mwaka wa upimaji. Karatasi moja yaweza kuwa na mwaka wa upimaji, wa toleo, na wa kuchapwa upya, na kati ya wa kwanza na wa mwisho ikapita miaka 40. Mto uliouona ni wa mwaka wa upimaji.

Ramani hizi ni sahihi kiasi gani?

Viwango rasmi vya usahihi vya Marekani vilitolewa mwaka 1941 na kurekebishwa mwaka 1947. Kwa skeli ya 1:24,000, asilimia 90 ya nukta zilizo wazi zapaswa kuwa ndani ya takriban mita 12 za mahali pake halisi. Ramani zilizotangulia hazikupimwa kwa kigezo hicho. Zile za karne ya 19 zitumie kujua kitu kilikuwepo na kilipakana na nini. Usizitumie kuchimbia bikoni ya mpaka.

Nikiweka ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti, mito haikutani. Kwa nini?

Huenda ni tofauti ya datamu, yaani msingi ambao latitudo na longitudo zimehesabiwa. Msingi wa ramani za Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ulikuwa nukta moja iliyoko ndani ya malisho ya ng'ombe: kituo cha Meades Ranch, kaunti ya Osborne, Kansas, kilichowekwa mwaka 1891. Mfumo wa NAD27 ulianzia hapo, na ramani za Amerika Kaskazini zikahesabiwa kutoka kwenye ranchi hiyo. Mfumo uliofuata, NAD83, umejengwa juu ya kitovu cha dunia, na kati ya hiyo miwili nyikani kuna tofauti ya makumi ya mita. Angalia pembe ya chini ya karatasi, soma datamu, uiambie programu yako kabla ya kupakia.

Wapima wa Kenya, Uganda na Tanzania wanalijua tatizo hili kwa jina lingine. Karatasi zetu za 1:50,000 nyingi ziko kwenye Arc 1960, na ukiweka namba za GPS moja kwa moja juu yake unakosea kwa mita mia kadhaa, umbali wa kutosha kukuvusha kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine na kupita.

Nazipata wapi, na nahitaji ruhusa?

USGS imeskani karatasi zake za zamani, zaidi ya 170,000, zilizochapwa kuanzia mwaka 1884 hadi 2006. Zinapakuliwa bure kupitia huduma yake ya topoView, nyingi zikiwa tayari zimefungwa kwenye latitudo na longitudo. Michoro ya miraba na hati za kwanza za ardhi ziko kwenye tovuti ya kumbukumbu ya Bureau of Land Management, iliyorithi kazi ya Ofisi Kuu ya Ardhi mwaka 1946. Ramani za USGS ni mali ya umma, kwa hiyo huhitaji ruhusa kuzichapa wala kuzifanyia kazi. Taja tu chanzo, jina la karatasi na mwaka wa upimaji.